Tabitha Kagendo na Trauti Aliowaachilia

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa na marafiki, na wewe Mjomba Mutembei unayetufuata kwa simu kutoka Chogoria: kamati ya mazishi ilinipa ukurasa mmoja tu wa kueleza maisha ya mama yangu, Tabitha Kagendo Nyaga. Nimeuzidisha. Mnisamehe, kwa sababu jambo kubwa kuliko yote niliyoandika humu nililijua Jumanne wiki hii, wakati programu ilikuwa tayari kwa mchapishaji. Ilibidi mume wangu Tevin ampigie simu amwombe asubiri hadi kesho yake.

Tangu msiba utufike, wengi wenu mmeniuliza swali lile lile: kwa nini Tabitha alikuwa akienda mtoni kila mwaka, majani yakianza kuanguka, kuvua trauti na kuwarudisha majini wakiwa hai? Mimi pia nilikuwa na swali langu, la miaka ishirini, na sikuwahi kuthubutu kumuuliza mwenyewe. Nilitaka kujua kama mama yangu alinitambua siku niliyofika nchi hii. Maswali haya mawili sikuwahi kuyaweka pamoja.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Machi 1961 katika kijiji cha Kiraro, juu ya Chogoria, pale mashamba ya chai yanapoishia na msitu wa Mlima Kenya unapoanza. Alikuwa mtoto wa tatu wa Mzee Nyaga na Mama Sarah Ciambaka. Mzee Nyaga alikuwa askari wa mto. Najua kazi hiyo wengi hamuijui. Trauti hakuwa samaki wa kwetu. Mayai yake yalisafirishwa kwa meli kutoka huku Uingereza enzi za ukoloni, na samaki wakawekwa katika mito ya mlimani ili walowezi wapate cha kuwaburudisha Jumamosi. Uhuru ulipokuja, walowezi wengi walifunga virago. Samaki walibaki, na Mzee Nyaga alibaki pia, na kofia yake ya khaki, akihakikisha kwamba kila anayevua Mto Nithi ana leseni. Watoto wake mwenyewe hawakuruhusiwa kutia hata kidole.

Kagendo hakutia kidole. Alilala kifudifudi juu ya mwamba akatazama. Alipokuwa na miaka minane alimwambia baba yake kwamba chini ya mwamba ule anakaa samaki mmoja, yule yule, kila siku. Mzee akacheka, akamuuliza, "Utajuaje ni yule yule? Samaki ni samaki." Kesho yake mtoto akaja na jibu: samaki huyo ana madoa mekundu saba ubavu wa kushoto, na mawili kati ya hayo yamegusana. Mzee Nyaga alikuwa amelinda samaki wale miaka kumi na mmoja bila kumtazama hata mmoja usoni. Alivua kofia ya serikali, akalala kifudifudi kando ya bintiye, akahesabu. Mjomba Mutembei alikuwepo, na anasema baba yao alihesabu mara tatu.

Marehemu alisoma Shule ya Msingi ya Kiraro na kufanya mtihani wa CPE mwaka 1974, kisha akajiunga na shule ya upili ya wasichana ya Chogoria hadi kidato cha nne mwaka 1978. Mwalimu wake wa biolojia aliandika kwenye ripoti kwamba mwanafunzi huyu ana maswali mengi kuliko vipindi vilivyopo. Yalikuwa malalamiko, lakini Mzee Nyaga aliyasoma kama sifa na kuionyesha ripoti ile kwa majirani. Mwaka 1979 marehemu aliingia chuo cha uuguzi hapo hapo Chogoria, akahitimu mwaka 1982 na kupangiwa wodi ya wazazi. Huko aligundua kwamba anawapenda watoto wachanga, hasa wale waliozaliwa kabla ya wakati wao. Aliwalisha kwa bomba, akawapima, akawaombea, na wakishapata uzito, mama zao waliwafunga kwenye shuka wakaondoka nao. Alikuwa akiniambia hilo ndilo jambo moja lililomsumbua katika kazi yake: mtoto akiruhusiwa, hujui tena amekuwa nani.

Tarehe 17 Desemba 1988 alifunga ndoa na Mwalimu Shem Murithi, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu aliyelazimika kuinama kila mlangoni. Walinisubiri miaka mitano. Nilizaliwa tarehe 2 Februari 1994, wakaniita Kendi. Baba alituacha Mei 1998, baada ya kuugua kwa muda mfupi, na Mama akabaki na mimi, na Nyanya Sarah, na mshahara mmoja.

Mwaka 2001 alipata nafasi ya kazi Birmingham. Aliondoka Jumamosi, tarehe 29 Septemba, akaniacha kwa Nyanya. Nilikuwa na miaka saba. Asubuhi ile alinisuka nywele, na ninakumbuka alikawia sana upande wa kulia, nyuma ya sikio, mpaka nikalia kwamba shingo inauma. Mara mbili aliacha kunisuka akaenda kuandika kitu mezani. Nilidhani anaorodhesha vitu vya safari. Aliniambia tutaonana baada ya mwaka mmoja. Nyinyi mliopitia hayo mnajua mwaka mmoja wa makaratasi unaweza kuwa na urefu gani. Wetu ulikuwa na miaka minne na wiki sita.

Nilitua uwanja wa ndege wa Birmingham tarehe 12 Novemba 2005, kupitia Amsterdam, nikiwa na kadi shingoni kama mzigo. Nilikuwa nimerefuka kama Baba, na meno yangu ya mbele yalikuwa mapya. Nilimwona Mama kabla yeye hajaniona. Alipita mbele yangu akiangaza macho chini, akitafuta mtoto mfupi. Akarudi, akapita tena. Mara ya tatu mhudumu wa ndege akamwita kwa jina na kumwonyesha mimi. Mama hakunikumbatia. Alinishika kichwa kwa mikono miwili, akakigeuza, akalikunja sikio langu la kulia, akatazama nyuma yake kwa muda. Kisha akasema, "Haya, twende," akachukua sanduku. Nilidhani ametafuta uchafu. Nilikuwa nimeogeshwa na Nyanya mpaka ngozi ikawasha, nikaona nimetukanwa pamoja naye. Kinyongo hicho nilikaa nacho nikiwa msichana, nikaolewa nacho, na Mungu anisamehe, nilikuwa nacho bado wiki iliyopita.

Tulikaa Stechford, karibu na kituo cha reli, na Mama alifanya kazi katika wodi ya watoto wachanga hospitalini hadi alipostaafu mwaka 2021. Majira ya kuchipua ya mwaka 2006 tulikuwa kwenye foleni dukani hapo Stechford, Mama akiongea na Mjomba kwa simu, mara mzee mmoja mwenye kilemba cha bluu akageuka. Ni Mzee Jatinder Singh, ambaye mnamwona pale mbele. Alizaliwa Nyeri, na alikuwa amefanya kazi Longbridge, kwenye kiwanda cha magari, hadi kilipofungwa mwaka uliotangulia.

"Chogoria?" akasema. "Mimi nilivua Nithi, mwaka sitini na nane! Iko askari moja pale, mrefu, kali sana. Naangalia leseni mbele na nyuma."

"Alikuwa na kofia?" Mama akauliza.

"Kofia ya khaki, ndiyo."

"Huenda alikuwa baba yangu."

Mzee Jatinder alifikiri kidogo. "Basi, mama, mimi naomba pole. Ile leseni ilikuwa ya kaka yangu."

Hatukuweza kuthibitisha kama askari yule alikuwa Babu kweli. Mama alimuuliza Mzee Jatinder maswali kuhusu sauti yake, viatu vyake, mkono aliotumia kushika karatasi, na bado hawakuafikiana. Ila kutokana na maswali hayo akaanza kufundishwa kuvua. Alijifunza bila maji, kwenye nyasi nyuma ya nyumba ya Mzee Jatinder kule Longbridge. Aliirusha kamba yenye ndoano iliyofungwa manyoya mfano wa mdudu, ikanasa ua la jirani, ikanasa kamba ya nguo, ikanasa na kilemba. Mwalimu wake alikuwa na somo moja tu: "Hapana lazimisha. Wewe ngoja kamba nyuma nyooke, halafu tupa."

Mzee Jatinder alikuwa mwanachama wa chama cha wavuvi chenye haki ya kuvua kijito kimoja kule Shropshire, mwendo wa saa moja na robo kutoka kwetu. Ni kijito chembamba. Kuna mahali hata mimi naruka nisilowe. Mama angeweza kwenda wakati wowote tangu Machi, lakini alichagua vuli. Wauguzi wenzake walihifadhi likizo ili waende Kenya Desemba. Yeye kwa miaka kumi na mitano aliomba wiki ya mwisho ya Septemba na wiki ya kwanza ya Oktoba, kwa sababu jioni ya tarehe 7 Oktoba mto hufungwa ili samaki wazae kwa amani. Aliniambia kwamba siku hizo trauti huwa katika rangi yake kamili, tumbo la dhahabu na madoa yanayowaka, na kwamba asiyeweza kuyahesabu madoa hayo mwezi wa kumi hataweza tena. Niliona ni sababu ya ajabu ya kulowesha soksi.

Akina mama wa ushirika wetu mnakumbuka tarehe 6 Oktoba 2012. Tabitha alikuwa ametualika tukamwone akivua. Dada Kwamboka, mwenyekiti, akaelewa kwamba tumealikwa kula, kama ambavyo Mkenya yeyote angeelewa. Tulifika kijitoni watu tisa, na jiko la gesi, sufuria mbili, unga, nyanya, vitunguu na dhania. Mama akavua trauti wa karibu kilo moja. Wimbo ukaanza. Kitunguu kikatupwa kwenye mafuta. Mama akamshikilia samaki ndani ya wavu, wavu wenyewe ukiwa majini, akamtazama ubavu wa kushoto kwa makini, akauinamisha wavu, samaki akaenda zake. Kisha akakaa kwenye jiwe akatoa daftari.

"Tabitha!" Kwamboka alipiga kelele ambayo nadhani ilisikika Wales. "Si umeachilia lunch yetu?"

"Ni sheria ya chama," Mama akasema bila kuinua kichwa.

"Sheria gani? Wewe ulimuuliza kama anataka kurudi?"

Tulikula ugali kwa kitunguu na nyanya, tumesimama, mvua ikitunyeshea. Tangu siku hiyo akina mama wakamwita Mama Achilia. Jina alilipenda. Daftari lile halikumshughulisha mtu. Sote tulidhani anaandika uzito wa samaki, kama wavuvi wengine wanavyofanya ili wakajisifu.

Mwezi wa Aprili mwaka huu marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Aliyekuwa muuguzi miaka karibu arobaini hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alitaka kukaa nyumbani, na Kanisa lilisimama nasi. Chakula kilikuja kwa zamu, na mjukuu wake Kerubo alimsomea Biblia kwa Kiingereza huku yeye akimsahihisha kwa Kiswahili. Mwezi wa Agosti alianza kuuliza kila asubuhi, "Leo ni tarehe ngapi?" Muuguzi aliyekuja kumhudumia aliniambia kwa upole kwamba pengine fahamu zinaanza kuchanganyika. Hazikuchanganyika hata kidogo. Alikuwa anapiga hesabu. Siku moja akaniomba nimpeleke kijitoni mwisho wa Septemba, hata kama ni kwa kiti cha magurudumu. Nikamjibu, "Ukipata nguvu, Mama." Akasema, "Mto unafungwa tarehe saba." Hakurudia tena ombi hilo, nami sikulirudia. Alitutoka Jumapili, tarehe 14 Septemba 2025, saa nne asubuhi, kengele za kanisa jirani zikilia, mkono wake ukiwa ndani ya wangu.

Aliagiza azikwe hapa Birmingham. Mjomba, najua neno hilo lilikuwa gumu kwenu, na asante kwa kulikubali. Ulipomuuliza kwa nini, alisema anataka Kerubo aweze kuja kwa basi.

Sasa nifike Jumanne. Kamati ilitaka picha ya jalada, na nikakumbuka kwamba picha nzuri aliyopigwa na Mzee Jatinder ilikuwa ndani ya begi lake la uvuvi. Niliikuta. Chini yake palikuwa na madaftari manne ya shule, ya kutoka Kenya, yenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma. Tukakaa sakafuni, mimi na Tevin, tukayafungua. Hapakuwa na uzito wa samaki hata mmoja. Palikuwa na michoro. Kila samaki aliyemwachilia kwa miaka kumi na tisa, Mama alikuwa amechora ubavu wake wa kushoto, doa kwa doa, na tarehe chini. Samaki mia moja arobaini na wanne. Kurasa nyingi zina tarehe tu. Lakini mahali pengine, chini ya mchoro, ameandika neno moja: *Ndiye*. Ukirudi nyuma kwenye daftari utamkuta samaki huyo huyo, wa mwaka uliotangulia au wa miaka miwili nyuma, madoa yale yale. Tulihesabu. Neno hilo limeandikwa mara nne kwa samaki wote hao.

Nilikuwa bado nayalinganisha madoa, Tevin akachukua daftari kuukuu kuliko yote, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Kendi, hii si samaki."

"Ni nini basi?"

"Hebu geuka. Geuka tu, please." Akanisukumia nywele mbele, akakunja sikio langu la kulia, sawasawa na alivyofanya Mama uwanja wa ndege. Nikataka kukasirika. "Haki ya Mungu," akasema. "Ni wewe. Uko na madoa tatu hapa nyuma, na mbili zimeshikana. Hukuwa unajua?"

Ningejuaje? Nani anaona nyuma ya sikio lake? Alinipiga picha kwa simu, akaiweka kando ya ukurasa. Sikio dogo, limechorwa kwa kalamu ya bluu, madoa matatu meusi, mawili yamegusana. Chini yake: *Kendi. 29/9/2001.* Ndicho alichokuwa akiandika mezani asubuhi ile, mimi nikilia shingo.

Nikafungua ukurasa wa pili. Sikio lile lile, limekua, madoa yameachana kidogo kwa sababu ngozi imetanuka. Chini yake: *12/11/2005. Ndiye.*

Samaki wa kwanza yuko ukurasa wa tatu.

Nililia, na ninalia ninaposoma haya, na sioni haya. Mama yangu hakujiamini. Alijua miaka itanibadilisha, akachukua kipimo ambacho hakibadiliki, akaja nacho nchi ya watu, na siku niliposhuka kwenye ndege alikitumia kabla ya kumwamini mhudumu, kabla ya kuiamini hata ile kadi shingoni. Ningemuuliza tu siku yoyote kati ya siku hizo zote, angenionyesha. Mtu mwenye maswali mengi kama yeye alimzaa mtoto aliyeogopa kuuliza moja. Nawasihi mlio na maswali kwa mama zenu, msingoje begi.

Marehemu ameacha binti, Kendi, mkwe, Tevin Momanyi, mjukuu, Kerubo, kaka yake, Mzee Mutembei, pamoja na jamaa wote wa Kiraro, rafiki na mwalimu wake, Mzee Jatinder Singh, ushirika wa akina mama, na watoto aliowalea kwa bomba huko Chogoria na hapa, ambao leo ni watu wazima na hawamjui kwa jina. Wazazi wake na mumewe Shem walimtangulia.

Daftari la mwisho lina mchoro wa tarehe 5 Oktoba 2024: trauti mwenye madoa mekundu tisa, na mkia uliokatika pembeni. Ukurasa unaotazamana nao ni mtupu, ila juu ameshaandika mwaka, 2025. Leo ni Ijumaa, tarehe 3. Mto unafungwa Jumanne. Kesho asubuhi Mzee Jatinder atatupeleka kwenye kijito, mimi na Tevin na Kerubo, na anayetaka kuja aje. Dada Kwamboka, njoo, ila sufuria ibaki nyumbani. Huenda hatutampata. Tukimpata, tutamtazama ubavu wa kushoto na kuandika kinachostahili kuandikwa.

Na wewe, Mama, tumekuachilia. Siku nitakayofika huko uliko nitakuwa mzee, nywele nyeupe, meno ya bandia, na utapita mbele yangu mara mbili ukitafuta mtoto mfupi. Usihangaike. Safari hii nitainamisha kichwa mwenyewe. Lala kwa amani.